Nunua Kikiwa Kingi

Mama yangu hakununua robo kilo ya kitu chochote maishani mwake, isipokuwa nyama. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Morogoro, na mshahara wake haukuruhusu mtu kuringa. Mama alichokuwa nacho ni kalenda, na kalenda yenyewe ilikuwa kichwani. Alijua mpunga wa Ifakara unaanza kuingia mjini lini, maharage ya milima ya Uluguru yanateremka lini, na karanga za Dodoma zinakuwa za bei ya kuokota lini. Mwezi wa tano ukiisha, alianza kuonekana sokoni hata siku ambazo hakuwa na la kununua. Alikuwa anauliza bei tu, anarudi nyumbani. Mwezi wa saba ndipo fedha iliyokuwa imefungwa kwenye pindo la khanga ilipofunguliwa.

Mchele hakuununua. Alinunua mpunga, magunia mawili au matatu kulingana na mwaka, yakapangwa juu ya kichanja cha mbao kwenye chumba tulichokiita stoo, ingawa wageni wakija walilala humo humo. Alikuwa na sababu zake, na nimekuja kuzielewa zote ukubwani. Ganda la mpunga ni kinga: mdudu anayeumaliza mchele kwa miezi michache huhangaika sana na mpunga. Kila chakula kilipopungua, tulijitwika debe kupeleka mashineni kukoboa. Pumba zilirudi nyumbani zikawa za kuku. Chenga hazikutupwa, ziliroweshwa, zikasagwa, zikawa vitumbua vya Jumapili. Na mpunga uliokaa miezi kadhaa hutoa wali wa kuchambuka. Mchele wa mavuno mapya una unyevu, na mpishi asiyeuzoea huishia na bokoboko. Mchele mkuukuu hunywa maji zaidi na kuvimba zaidi, kwa hiyo sufuria ileile ilitosheleza watu wengi zaidi. Mama hakuwahi kutufafanulia haya. Alisema tu kwamba mchele wa dukani ni wa watu wasio na stoo.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka miaka ile ilivyokuwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na nchi ilikuwa haina fedha za kigeni. Sukari, sabuni, mafuta ya kula na khanga vilipatikana kwenye duka la kaya, kwa karatasi ya mjumbe wa nyumba kumi au kwa kujuana. Watoto tulitumwa alfajiri kwenda kuweka jiwe kwenye foleni, jiwe likasimama badala ya mama mpaka duka lifunguliwe. Ugali ulikuwa wa yanga, yaani wa mahindi ya njano ya kutoka nje, uliopewa jina hilo kwa sababu ya rangi ya jezi za Yanga. Shabiki wa Simba alilazimika kuula vilevile.

Kisha ukaja mwaka 1983 na vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Lengo lilikuwa walanguzi, watu waliofungia bidhaa ili ziadimike. Lakini hofu haikuchagua. Mtaani kwetu watu waliamka usiku kutupa vitu vyao wenyewe: katoni ya sabuni ilikutwa mtoni, na sukari ilimwagwa shimoni na mtu ambaye wiki iliyotangulia alikuwa akiwaeleza majirani kwamba hana hata ya uji. Baba alisimama mlangoni mwa stoo akiyatazama yale magunia, akamuuliza mama kama haya nayo yanahesabika.

“Mpunga huu niliununua soko zima likiuza,” mama akamjibu. “Nani nimemnyima?”

“Mama watoto, hawatakuja kukuuliza hilo.”

Mpunga ulibaki. Nimelitafakari jibu la mama kwa miaka mingi, na naona lina hoja ambayo hata wachumi wangeikubali. Anayenunua kitu kikiwa kingi hamnyimi mtu. Anapunguza mrundikano, anampa mkulima fedha wakati mkulima anaihitaji, na miezi ya shida hatakuwapo sokoni kugombania kidogo kilichobaki. Anayenunua kitu kikiwa adimu, hata kama ni cha kula nyumbani kwake tu, anaongeza uhaba. Stoo zote mbili zinaweza kuwa na magunia mawili. Tofauti yake ni tarehe.

Nilipoajiriwa kufundisha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990, nikapanga chumba kimoja Manzese, kalenda ya mama niliiacha Morogoro. Sikuwa na stoo. Nilikuwa na uvungu wa kitanda. Pembeni palikuwa na duka la Mangi, kama tunavyomwita mwenye duka wa mtaani, ambaye alifungua kabla ya adhana ya alfajiri na kufunga wakati nimeshalala. Kila jioni nilisimama dirishani kwake. “Mwalimu, leo robo au nusu?” Robo ya sukari, nusu ya mchele, mafuta ya kupima ya kukaangia kitunguu cha usiku ule, kiberiti kimoja. Mangi alikuwa mtu mwema. Mwisho wa mwezi kabla mshahara haujatoka aliniandika kwenye daftari lake bila kunung’unika.

Ndipo na mimi nikaanza daftari langu. Sikuwa na nia ya kubana matumizi, nilitaka tu kujua kwa nini tarehe 20 hunikuta sina kitu ilhali sijanunua hata gauni. Niliandika kila kilichopita dirishani kwa Mangi. Hesabu zenyewe ni za darasa la tatu. Chukua mfano: kilo ya sukari ikiwa 3,000, robo huuzwa 800. Robo nne zimekula 3,200. Shilingi mia mbili hazionekani, lakini haziko kwenye sukari peke yake. Ziko kwenye mchele, unga, maharage, na zaidi ya vyote kwenye mafuta ya kupima, ambayo kijiko kwa kijiko ndiyo mafuta ya bei mbaya kuliko yote. Simlaumu Mangi. Mfuko wa nailoni ulikuwa wake, muda wa kupima ulikuwa wake, deni nililoandikwa lilikuwa mtaji wake uliolala.

Daftari likanionyesha na jambo jingine, tena kubwa kuliko hilo la robo. Baada ya mwaka mzima wa kuandika niligundua kwamba tofauti ya robo na kilo ni ndogo ukiilinganisha na tofauti ya Julai na Februari. Maharage yaleyale, kwa Mangi yuleyule, kwa kipimo kilekile, yalipanda taratibu tangu Novemba bila mtu kutangaza lolote. Katika mwaka wa kawaida tofauti hiyo huweza kufika theluthi ya bei, na mwaka wa ukame hupita hapo. Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa na Njombe hadi Mbeya, Rukwa na Ruvuma, huvuna mara moja kwa mwaka, na mavuno yakishatoka sehemu kubwa ya nchi hula kutoka ghala lilelile mpaka mwaka unaofuata. Anayenunua Februari analipia chakula, analipia pia miezi saba ya mtu mwingine kukitunza, kukipiga dawa na kukisubirisha. Nikajiuliza kwa nini nisikitunze mwenyewe.

Hapa wapo watakaosema: Mwalimu, wewe una mshahara. Ni kweli. Nimesikia watu wenye kazi za kudumu wakiwasema mama lishe na vijana wa bodaboda kwamba hawajui kupanga, ndiyo maana wananunua robo. Huo ni upuuzi. Mtu ambaye fedha yake huja kwa siku hununua kwa siku, na akijifunga kwa gunia wiki moja tu mtoto akaugua, ataliuza gunia hilo kwa hasara. Anakosa mtaji wa kwanza, akili anayo. Na mtaji huo wa kwanza ndiyo sehemu ngumu ya habari hii yote. Mengine ni ya kujifunza.

Mimi niliupata kwa kuanza na vitu vya aibu. Mwezi wa kwanza nilinunua chumvi ya miezi sita na viberiti katoni nzima. Basi. Haikuniumiza, na kwa miezi sita chumvi na kiberiti vikatoka kwenye orodha ya Mangi. Mwezi uliofuata kidogo kilichobaki kikawa maharage, kilo kadhaa zaidi ya nilizokula. Nilikwenda hivyo, kitu kimoja kwa mwezi, mpaka mwaka ukazunguka. Baadaye, nilipokwisha kuolewa na watoto wakaja, tulianza kikundi cha wanawake sita pale mtaani. Vikundi vya kuchangia sikukuu vipo kila mahali, watu wanachanga wiki kwa wiki ili Idi au Krismasi iwakute na mchele, mafuta na kuku. Chetu tulikigeuza tarehe tu. Tulivunja mfuko Julai badala ya Desemba, tukaenda sokoni na fedha ya jumla. Mmoja wetu alikuwa mama lishe, mwingine akiuza genge. Kwa mwanachama anayeweka kidogo kila siku, gunia linawezekana.

Soko letu lilikuwa Tandale, kwa kuwa nafaka za mikoani hushushwa pale na kutoka Manzese unakwenda kwa miguu. Mtu akienda mara ya kwanza Tandale huona kelele tu. Ukizoea utaona kwamba kila muuzaji ana debe lake na kila debe lina tabia yake. Lipo lililobonyezwa tumboni. Lipo lenye kitako kilichopigwa nyundo kikaingia ndani. Muuzaji hulijaza kwa madaha, akaweka nundu juu yake, akakwambia, “Dada yangu, hili limeshiba, angalia lenyewe.” Hiyo nundu unayoonyeshwa ni ya kufidia kitako usichoonyeshwa. Mwenzetu wa genge, aliyekuwa na macho ya biashara kutuzidi, alituzoeza kwenda na mizani ndogo ya kuning’iniza. Tukinunua debe, tunalipima mbele ya mwenyewe. Wengi hawakukasirika, walicheka wakaongeza. Huko mashambani mkulima naye anapunjwa kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu na kuhesabiwa kama gunia moja, jambo ambalo sheria ya vipimo inalikataza na bado barabarani unaliona likipita juu ya malori.

Tuje kwenye vitu vyenyewe. Kanuni yangu ni moja: weka akiba ya kile ambacho nyumba yako tayari inakila. Nimeona watu wakinunua shayiri na soya kwa sababu wamesoma kwamba ni rahisi na zina lishe, na soya ile ikakaa mpaka ikawa mali ya panya. Nyumbani kwangu msingi ni mchele, maharage, choroko, unga, dagaa, karanga na mafuta. Mwenzangu wa Kilimanjaro atakuwa na orodha tofauti, na wa Unguja tofauti kabisa.

Unga una mtego wake. Sembe hukaa. Dona, ambayo ndiyo yenye lishe, haikai, kwa sababu kiini cha mahindi kimo ndani yake na kiini kina mafuta, na mafuta hayo yakichacha unga unakuwa mchungu. Anayependa dona atunze mahindi, asage kidogo kidogo. Mafuta ninanunua dumu la lita 5, si la 20. Dumu la lita 20 lina bei nzuri zaidi, lakini mkono unaomimina kutoka dumu kubwa haufanani na mkono unaomimina kutoka chupa. Nilipima hili kwenye daftari: kitu kikiwa kingi jikoni huliwa haraka zaidi. Sukari ikijaa, chai huwa tamu. Karanga zikijaa, watoto hawana njaa wakati wa chakula. Kwa hiyo mzigo mkubwa hukaa chini ya kufuli, na jikoni kunakuwa na kopo la wiki. Kopo likiisha Ijumaa badala ya Jumapili, tunasubiri Jumapili.

Dagaa ningependa kuwatetea, maana wamedharauliwa vya kutosha. Dagaa wa Mwanza ni rahisi, na wale wa Kigoma ni wasafi na watamu zaidi, nao bei yao inajua hivyo. Samaki huyu mdogo analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo anampa mtoto protini na madini ya mifupa pamoja, kwa bei ambayo nyama haiifikii. Dagaa wa Ziwa Victoria waliokaushwa chini wana mchanga. Dawa ni maji ya moto, kuoshwa zaidi ya mara moja bila uvivu, kisha kuanikwa tena jua kali mpaka wakwaruze mkononi, ndipo wafungwe kwenye chombo kisichopitisha hewa. Kabla ya kupika, wapitishe kwenye kikaango kikavu. Wanaosema dagaa wananuka wamekula dagaa wasiooshwa.

Mama mkwe wangu anatoka Shinyanga, na kwake nilikuta elimu ambayo hata mama hakuwa nayo. Wasukuma wameishi na mvua isiyotabirika kwa muda mrefu kiasi kwamba akiba kwao ni mapishi kamili. Viazi vitamu vya msimu hukatwa vipande vikaanikwa vibichi, vikawa michembe. Au huchemshwa kwanza kisha vikaanikwa, vikawa matobolwa. Hukaa miezi na miezi. Michembe hupikwa na karanga, matobolwa hutafunwa na chai. Mboga za majani nazo hukaushwa mvua zikiwapo, zikaliwa kiangazi. Alipokuja Dar mara ya kwanza na mfuko wa michembe, majirani walidhani ni zawadi ya kijijini ya kuchekesha. Watoto wangu wanaipenda kuliko biskuti. Huko kwake nafaka ilikaa kwenye kihenge, na mwenye nyumba aliyeuza nafaka yote mwezi wa sita alisemwa, hata angekuwa amejenga nyumba ya bati kwa fedha hiyo.

Sasa wadudu. Wapo wanaodhani kwamba ukifunga chombo vizuri fukusi hataingia. Kwenye maharage mara nyingi ameshaingia: mayai hutoka nayo shambani. Kwa hiyo kazi huanza kabla ya kufunga. Sisi huyaanika maharage juu ya turubai jua kali, tunayapepeta, tunayachambua, na mwenye friji huyagandisha kwa siku kadhaa, kwa mafungu, kuua mayai yaliyobaki. Kisha yanaingia kwenye ndoo zenye mfuniko wa kubana, yakijazwa mpaka juu ili hewa isibaki. Mifuko ya tabaka tatu inayouzwa kwa wakulima hufanya kazi kwa akili hiyohiyo: mdudu aliyemo humaliza hewa anayoivuta, akafa, bila dawa yoyote. Kwa mahindi adui mkubwa ni dumuzi, mgeni kutoka Amerika ya Kati aliyeingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakulima walimwita Scania, kama yale malori.

Mambo mawili hapa hayana mzaha. Vidonge vya kufukizia maghala visiingie ndani ya nyumba mnamolala. Gesi yake haichagui mdudu na mtu, na familia zimeshaangamia usingizini kwa kuokoa gunia moja. La pili ni ukungu. Mahindi au karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu inayotoa sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2004 nchini Kenya, ambako maeneo ya Makueni na Kitui ndiyo yaliyoumia zaidi, vilisajiliwa vifo 125. Chakula kilichoota ukungu si akiba. Kitupe, usimpe kuku, usimsagie mtoto uji.

Gharama ambayo daftari langu lilichelewa kuikamata ni moto. Maharage ni rahisi sokoni na ghali jikoni. Kwa mkaa wa kununua kwa kopo, sufuria ya maharage makavu yasiyoroweshwa inaweza kula mkaa wa bei inayokaribia maharage yenyewe. Kuyarowesha usiku kucha na kumwaga yale maji ni hatua ya kwanza. Wengine hutia magadi. Yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, na kwa nyumba inayotegemea maharage siku nyingi za wiki hiyo ni hasara. Tulipohamia kwenye gesi nilinunua sufuria ya presha, na sijawahi kununua chombo kilichojilipa haraka namna ile. Napika kilo mbili kwa mpigo, nagawa kwenye vibakuli, nagandisha. Asiye na friji aegemee choroko na dengu, ambazo haziombi moto mwingi. Na maharage yasikae zaidi ya mwaka, hasa kwenye joto la Pwani. Yaliyozeeka hugoma kuiva hata uyapikie msitu mzima.

Stoo yangu imewahi kupimwa. Mwanzoni mwa 2023, baada ya mvua za 2022 kuwa haba, kilo ya mchele mzuri Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000, bei ambayo sikuwahi kuiona. Tulikuwa na mpunga wa Julai. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño ziliwazuia wenye viwanda kuvuna miwa, sukari ikaadimika, kilo ikapita 4,000. Nilikuwa na ndoo niliyoinunua mapema kwa ajili ya Ramadhani, kwa sababu kila mwaka bei ya sukari hupanda ukikaribia mwezi huo na mtu mwenye akili hununua kabla ya Shaabani. Wiki ile nilimkuta mwalimu mwenzangu kwenye foleni, akanunua kilo kadhaa kwa bei ya juu “kabla haijaisha kabisa”. Nilimwelewa, lakini alichokuwa akifanya hakikuwa akiba. Akiba muda wake ulikuwa umeshapita, na hicho kilikuwa kiwewe. Ndoo yangu sikuitangaza, ila majirani wananijua. Tuligawana kwa vikombe.

Lipo pia lililonikaa vibaya. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, iliziwekea kikomo mbaazi zinazoingia kutoka nje. Bei ikaanguka Lindi na Mtwara, mkulima akakosa wa kumuuzia. Mwaka ule sisi wa Dar tulikula mbaazi za nazi kwa maandazi asubuhi, na mbaazi kwa wali jioni, kwa bei ya bure, na kikundi chetu kilijaza ndoo. Nilifurahi mpaka nilipokutana na mzazi mmoja shuleni, mtu wa Nachingwea, aliyekuja kuomba mwanawe asubiriwe ada kwa sababu nyumbani walikuwa na mbaazi za kulipia ada hiyo na hazinunuliki. Unafuu wangu ulikuwa ada ya mtoto wake. Sina jibu zuri. Ninachofanya ni kutobishana bei na mkulima anayeuza mwenyewe. Ubishi wangu nauweka kwa mwenye debe lililobonyezwa.

Watoto wangu wamekua, na binti mkubwa amepanga chumba chake Mbagala. Nilipomtembelea nilikuta uvunguni ndoo mbili zenye mifuniko, na simu yake ina orodha ya bei kwa mwezi, sokoni na dukani. Mangi wa kwake bado anamuuzia robo ya vitu vingine, na hakuna ubaya. Hakuna nyumba inayoweka akiba ya kila kitu. Nyanya haziwekwi, mchicha hauwekwi, na anayejaribu kuweka vitunguu vya masika atavitupa vimeota. Akiba inalipa kwa vitu vichache vikavu ambavyo bei yake huzunguka na msimu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ikiwa mwezi wa saba utakukuta na shilingi elfu ishirini zisizo na kazi ya haraka, usisubiri mpaka ziwe za gunia. Mtafute mwenzako mmoja, nendeni sokoni asubuhi na mizani yenu, mgawane debe la maharage ya mavuno mapya. Yaanike, yachambue, yajaze ndoo mpaka juu, andika tarehe kwenye mfuniko. Na Februari jirani akija na kikombe, mpimie.